Juu, Chini, Juu

Ngata iliyofungwa vizuri haionyeshi ilikoanzia. Namna mojawapo ya kuitengeneza, kwenye miinuko ya Tarime yenye migomba, ni kulowesha gome kavu lisikatike, kulisokota hadi liwe kamba, kisha kuizungusha kamba hiyo mara mbili. Mzunguko wa pili ndio wenye kazi. Kamba inajikata yenyewe mahali patatu, na kila inapojikata mama anaamua ipite juu au ichomekwe chini. Hapimi kitu wala hahesabu kwa sauti. Kidole gumba kinafungua nafasi, kamba inapenya, inakazwa. Ncha zinafichwa ndani. Ndoo ya lita 20 inakaa juu yake kichwani kutoka kisimani hadi nyumbani.

Ukiilaza kwenye karatasi utapata mstari uliopinda na kujikata, kitu ambacho wanajometri wamekishughulikia kwa miaka mingi. Carl Friedrich Gauss, Mjerumani aliyefariki mwaka 1855, aliona jambo ambalo mfumaji analitumia bila kuambiwa. Yape makutano hayo matatu majina A, B na C, kisha fuata kamba hadi urudi ulikoanzia: A, B, C, A, B, C. Kati ya A ya kwanza na ya pili kuna makutano mawili. Idadi hiyo haiwi witiri kamwe kwa mstari wowote wa namna hii uliofunga mzunguko, hata ukijikata mara mia. Ndiyo maana ukienda juu, chini, juu, chini, hukwami: ulipopita juu mara ya kwanza, utakaporudi utapita chini.

Na ole wako ukikosea mahali pamoja tu. Geuza makutano mamoja kati ya yale matatu, ngata yote inalegea na kuwa duara tupu.

Wachokwe wa kaskazini-mashariki mwa Angola, wenye ndugu zao Kongo na Zambia, walichora mistari ya namna hii mchangani kwa kidole bila kukiinua, wakizunguka safu za nukta. Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki 2014, aliichambua michoro hiyo kwa miaka mingi. Kwa mtindo unaofanana na mkeka, nukta 5 kwa 6 zinazungukwa na mstari mmoja unaojikata mahali 49. Nukta 4 kwa 6 zinadai mistari miwili, hata uwe hodari vipi.

Lakini si kila kinachojikata kimefumwa. Wilayani Serengeti, waya unaojikata mara moja tu ni kitanzi cha majangili, na askari wa hifadhi huking'oa vichakani. Huo si ufumaji.

Ufumaji wenyewe unaondoka kimyakimya. Kichwani sasa kuna khanga iliyokunjwa ovyo, na mahindi yametoka kapuni na kuhamia kwenye salfeti. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, wengi walitarajia kapu lirudi sokoni. Ikaja mifuko mingine ya kiwandani. Shuleni, mtoto anachora duara kwa bikari na kulisahau baada ya mtihani, ilhali bibi yake ana jometri ngumu zaidi vidoleni na hakuna aliyemuuliza.

Mwalimu wa Hisabati wa Tarime au Serengeti, mwalike bibi huyo darasani angali anaona vizuri, na wanafunzi waje na magome yao.