Wana wa Afrika wa London

Katika London ya miaka ya 1780, Waafrika waliokuwa wametoka utumwani waliunda kikundi cha Wana wa Afrika. Waliandikia magazeti na wabunge barua nyingi, wakisimulia mateso yao kwa taifa lililokunywa chai yenye sukari iliyozalishwa na watumwa. Mwaka 1783 mmoja wao alimpasha mwanaharakati wa kupinga utumwa habari za meli ya Zong, iliyotosa baharini Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai bima. Yeye huyo alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1789 kwa fedha za wasomaji waliolipa mapema, akazunguka hadi Ireland akikiuza mwenyewe. Alifariki 1797. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807. Utumwa katika makoloni yake ukafutwa kwa sheria ya 1833.