Zein gatini Mokowe

Basi la Mombasa likifika Mokowe halina pa kwenda tena. Barabara imeishia majini, Amu, yaani Lamu, iko ng'ambo, na asiye na pesa za kukodi boti peke yake hukaa gatini kungoja abiria watimie. Siku ile kungoja hakukuniudhi. Simuni nilikuwa na albamu nzima ya mwimbaji na mpiga udi Zein l'Abdin, The Swahili Song Book, niliyonakiliwa na kijana mmoja Mombasa. Nyimbo zote alizipa namba, 01, 02, mpaka mwisho. Mtu aliyeumaliza umri wake juu ya udi haitwi 01, lakini hilo nilishamwambia kijana mwenyewe.

Albamu hii ilitolewa Ujerumani na kampuni ya Dizim, miaka kama kumi baada ya Mtindo wa Mombasa ya 1990, ile iliyomfikisha Zein kwa wasikilizaji wa London. Imekwisha kuwa na umri wake, ila kwangu ni mpya kabisa. Mimi nimelelewa na kaseti za harusi. Humo udi unausikia kwa mbali, nyuma ya vigelegele, jenereta na mama anayemtafuta mwanawe. Hapa ni kama mtu amefunga mlango na dirisha. Unaisikia risha ikiugusa uzi kabla uzi haujalia.

Udi ni chombo kigumu kwa mvivu. Kwa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na mmoja ulio peke yake, na shingoni hamna vile vyuma vya gitaa vya kukwambia kidole kikae wapi. Ukikosea kwa unene wa kucha, umekosea, na kila mtu amesikia. Zein anaitumia hatari hiyo kama mali yake. Anaanza na taksimu, udi mtupu, ngoma zimetulia. Anagonga uzi mnene mara moja, anauacha ufe. Anaugonga tena. Kisha kidole kinateleza kwenda juu polepole, kinapita pale ulipodhani kitatua, kinarudi nusu hatua, ndipo kinakaa. Hapo ndipo mtu wa harusini husema "Allah!" bila kujijua. Nami nilisema, na muuza mahamri akanitazama.

Wapigaji wenye kasi pwani hii hawajapungua, kwa hiyo mbio si kitu cha kunishangaza. Nilichomvulia kofia ni jinsi anavyojizuia. Mshororo wa shairi una mizani 16, nane huku na nane huku, na mwimbaji asiye makini huvunja neno katikati ili kuufuata muziki. Zein huuacha muziki ulingoje neno. Anapoimba, udi unanong'ona chini ya sauti. Akinyamaza, udi unajibu, na jibu lenyewe mara nyingi ni fupi kuliko swali. Mwenye vidole kama vile angeweza kujaza kila nafasi. Anaziacha wazi, na shairi linapata pa kupumulia.

Alikuwa na sababu ya kuyaheshimu maneno. Ni mzaliwa wa Lamu, na katika waliompa tungo, za kale na za sasa, alikuwamo Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni, mtu aliyeyaokota maneno ya Kiswahili kama wengine wanavyookota lulu. Kwa hiyo ndani ya nyimbo za Zein Kiamu hakiombi radhi: macho ni mato, njia ni ndia, moja ni moya. Kwa sikio la bara ni mafumbo. Kwa sisi ni sauti ya nyanya jikoni.

Na kabla ya udi kulikuwa na kibangala, gambusi wengine huliita: mti mmoja uliochongwa ukatobolewa, uso ukawambwa ngozi. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa fundi wa vyote, milango, miswada, mashairi na hicho kibangala pia. Mpwa wangu, shabiki wa muziki wa milimani kule Marekani, wa Bill Monroe na wenzake, aliniletea picha ya banjo akidhani ananionyesha kigeni. Uso wake ngozi vilevile. Nikamwambia asili ya ile ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa. Hiki chetu kilikuja kwa jahazi kutoka Yemeni. Si ndugu wa tumbo moja, lakini wakikutana watasalimiana.

Nilikuwa nimetoa vipokea sauti masikioni kwa ajili ya joto, simu ikilia yenyewe juu ya mfuko. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea gunia la mkaa akageuka.

"Huyo si Zein?"

"Ndiye, babu."

"Ongeza kidogo, mwanangu."

Nikaongeza. Akafumba macho, kidole cha shahada kikihesabu gotini, si ngoma bali mizani, nane na nane. Abiria wakatimia. Nahodha akatuita, akapiga mluzi, akatuita tena. Nikanyoosha mkono nizime.

"Wata uishe," mzee akasema, hajafumbua macho.

Nahodha, aliyekwisha kuifungua kamba, akabaki ameishika mkononi.