Baba alichonga chombo, mwana akaandika mlinganyo

Wasifu wa marehemu, kama tulivyozoea kuusikia ukisomwa msibani, una mpangilio wake: kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, maradhi, waliobaki. Ukimwandikia hivyo Sir William Henry Bragg unamaliza kwa dakika mbili. Alizaliwa mwaka 1862 kwa mkulima wa Cumberland, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 7, akalelewa kwa ami yake. Akasoma hisabati Cambridge, akawa profesa Adelaide, Leeds na London. Mwaka 1915 alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na mwanawe Lawrence. Akafa Machi 1942. Yote ni kweli, na aliyekaa kusikiliza anaondoka bila kumjua mtu huyo alikuwa nani.

Watoto wake walijaribu njia nyingine. Mwaka 1962, ilipotimia miaka 100 tangu azaliwe, Lawrence na dada yake Gwendolen waliandika pamoja makala ya kumkumbuka. Mwaka 1978 Gwendolen, ambaye kwa ndoa aliitwa Caroe, akatoa kitabu kizima kupitia Cambridge University Press. Mapenzi yaliyomo humo hayanishangazi. Mtoto kumpenda baba si habari. Kinachostahili kuchambuliwa ni swali la kiufundi ambalo kila anayemkumbuka mzee huyu lazima akutane nalo: katika kazi ya 1912 na 1913, iliyowafikisha baba na mwana kwenye Nobel, nani hasa alifanya nini? Wawili hao walikuwa na jina moja la ukoo, lakini waliokuwa wakisoma “Bragg” siku zile walimfikiria profesa, si kijana wake mwanafunzi.

Jibu linaanzia Australia. Bragg alifika Adelaide mwaka 1886, umri miaka 23, kuwa profesa wa hisabati na fizikia. Hisabati aliimudu, fizikia aliisoma melini akiwa njiani. Maabara ilikuwa na vyombo haba, hivyo alikwenda kwenye karakana ya watengenezaji vyombo akajifunza kazi kwa mikono, kisha akaanza kujitengenezea vya kufundishia. Mwaka 1896, muda mfupi baada ya eksirei kugunduliwa, alikuwa tayari na mtambo wake, na Lawrence mdogo alipovunjika kiwiko ni baba aliyempiga picha.

Utafiti wa maana, hata hivyo, hakuwa nao. Alifundisha miaka 18 hivi bila kugundua jambo lolote. (Chuo cha leo kingeshamwandikia barua.) Mwaka 1904, akiwa na miaka 41, alitakiwa kutoa hotuba Dunedin, New Zealand, akachagua kuzungumzia mionzi. Kujiandaa kwa hotuba hiyo kulimfungua macho. Aliporudi, akisaidiana na Richard Kleeman, alionyesha kwamba chembe ya alfa husafiri hewani umbali maalumu, na kwamba huachia sehemu kubwa ya nguvu zake karibu na mwisho wa safari. Wanaotibu saratani kwa protoni leo wanategemea tabia hiyohiyo: protoni hupita kwenye nyama nzima bila madhara makubwa, kisha nguvu zake humwagika kwenye uvimbe.

Chombo alichokitumia ndicho kinachonivutia zaidi. Kiliitwa chumba cha ioni: kopo lenye gesi ambamo mionzi ikipita huacha chaji za umeme zinazoweza kupimwa. Bragg aliishi na makopo hayo miaka minane. Alijua yanavuja wapi, yanadanganya lini, na gesi ipi inanasa mionzi vizuri kuliko nyingine. Wasifu wa kawaida hauna mahali pa kuandika ujuzi wa namna hiyo, kwa kuwa hautolewi cheti.

Mwaka 1912 habari ikatoka München. Mwanafizikia Max von Laue alikuwa amependekeza eksirei ipitishwe kwenye fuwele. Walter Friedrich na Paul Knipping wakafanya hivyo, wakapata madoa yaliyopangika kwenye bamba la picha. Bragg mzee alikuwa akishikilia kwamba eksirei ni chembe, si mawimbi, na alijaribu kuyaeleza madoa yale kama chembe zilizopenya katika ujia baina ya atomu. Lawrence, miaka 22, mwanafunzi wa Cambridge, alianza upande wa baba. Kisha akaona vingine: atomu za fuwele zimekaa katika tabaka, na kila tabaka huakisi sehemu ndogo ya wimbi. Mawimbi yanayotoka tabaka tofauti huimarishana pale tu tofauti ya safari zao inapokuwa urefu kamili wa wimbi, mmoja au zaidi. Akapata mlinganyo ambao leo huandikwa nλ = 2d sin θ: λ ni urefu wa wimbi, d ni nafasi kati ya tabaka, θ ni pembe kati ya mwale na tabaka. Novemba mwaka huo mlinganyo ukasomwa mbele ya Cambridge Philosophical Society. Huo ni wa kijana, na hapo hapana ubishi.

Baba hakung'ang'ania chembe zake. Alifanya alichokijua: akatengeneza chombo. Spektromita aliyoisanifu Leeds ilikuwa na bomba la eksirei ndani ya sanduku la risasi, mianya myembamba ya kuchuja mwale, fuwele juu ya meza inayozunguka, na upande wa pili chumba cha ioni kilichojazwa gesi ya dioksidi ya salfa. Fuwele ikigeuzwa pembe fulani, chumba hugeuzwa mara mbili yake, kwa sababu mwale ulioakisiwa unahama mara mbili. Chaji ilisomwa kwa elektroskopu ya jani la dhahabu, jicho kwenye hadubini. Bamba la picha lilimwonyesha Laue mahali doa lilipo. Kopo la Bragg lilitoa tarakimu, kiasi gani cha mionzi kimerudi kwa kila pembe. Bila tarakimu hizo mlinganyo ungebaki maelezo mazuri ya madoa tu.

Palikuwa bado na kikwazo. Ili kujua d unahitaji λ, na ili kujua λ unahitaji d. Walikivuka kwa chumvi ya mezani. Lawrence alilinganisha picha za kloridi ya sodiamu na za kloridi ya potasiamu. Potasiamu na klorini zinakaribiana idadi ya elektroni, 19 na 17, hivyo eksirei haizitofautishi vizuri. Sodiamu, yenye 11, inatofautika. Kutokana na tofauti ya picha hizo akatambua kwamba katika chumvi sodiamu na klorini zinapishana, moja hii, moja ile, pande zote tatu. Mpangilio ukishajulikana, mizani inatosha: sentimita moja ya ujazo ya chumvi ina gramu 2.16, na gramu 58.5 zina jozi 6.02 × 10²³ za atomu. Gawanya ujazo kwa idadi ya atomu, tafuta kipeuo cha tatu, nafasi kati ya atomu inatoka nanomita 0.28. Katika fuwele ya upana wa sentimita 1 zinapangana atomu kama milioni 35. Kuanzia hapo λ ikajulikana, na kila fuwele nyingine ikapimika. Almasi ilifuata mwaka huohuo wa 1913, kazi ya baba na mwana pamoja: kila atomu ya kaboni imeshikana na majirani wanne.

Wanakemia wengine hawakupendezwa. Chumvi ya Lawrence haikuwa na jozi zilizooana. Kila sodiamu ilikuwa na jirani sita wa klorini, hakuna aliye wake peke yake. Hata mwaka 1927 Henry Armstrong alikuwa bado akiikejeli picha hiyo katika jarida la Nature.

Hayo ndiyo yaliyofanyika, na ugawaji wake si mgumu kuueleza ukiingia karakana. Nje ya karakana mambo yalikuwa mengine. Mkutano wa wanafizikia wa Solvay wa 1913 ulimwalika baba; mwana akapelekewa kadi ya pongezi iliyotiwa saini na wakubwa waliokuwepo, Einstein na Marie Curie miongoni mwao. Baba alimtaja mwanawe kila mara aliposimama kuhutubia. Lakini aliyesimama alikuwa yeye, na msikilizaji humpa sifa anayemwona. Lawrence aliibeba kero hiyo miaka mingi. Kumbukumbu alizojiandikia zilichapishwa mwaka 2015, zikihaririwa na bintiye Patience Thomson pamoja na Mike Glazer, na humo mtu anakutana na mwana anayempenda baba yake na wakati huohuo anataka hesabu isomwe sawasawa. Mimi naona ukumbusho huo ni bora kuliko ule wa sifa tupu.

Gwendolen alikuwa na kazi tofauti. Alizaliwa 1907, mlinganyo ulipoandikwa alikuwa na miaka 5. Alichokishuhudia yeye ni mzee wa baadaye, mkurugenzi wa Royal Institution tangu 1923, aliyewaeleza watoto wa London mambo ya sauti na nuru katika mihadhara ya Krismasi, na ambaye nyumba yake Gwendolen aliisimamia baada ya mama yao kufariki mwaka 1929. Habari za spektromita ilimbidi azipate kwa barua na simulizi, na ndiyo sababu vitabu hivi viwili vinafaa kusomwa kwa pamoja.

Nobel yenyewe ilifika nyumba ikiwa na msiba. Robert, mdogo wa Lawrence, alikuwa ameuawa vitani Gallipoli miezi michache tu kabla ya tangazo la Novemba 1915. Baada ya vita baba na mwana waligawana kazi kama ndugu wanavyowekeana mipaka ya shamba: mzee akachukua fuwele za misombo ya kaboni, naftalini na nyinginezo, kijana akabaki na madini. Mgawanyo huo ulipunguza kero, na kwa sayansi ulikuwa faida tupu. Kutoka upande wa baba alitokea Kathleen Lonsdale, aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwamba pete ya benzini ni bapa.

Wasifu huu ungekuwa mikononi mwangu, ningeongeza mafundi wawili. Adelaide alikuwepo Arthur Rogers, na Leeds C. H. Jenkinson, aliyeigeuza michoro ya profesa kuwa shaba, risasi na mianya iliyonyooka. Hawamo miongoni mwa waandishi wa makala za 1913. Bragg, aliyewahi kushika tupa mwenyewe karakanani, alijua vizuri kuliko wasomaji wake makala hizo ziliwategemea kiasi gani.