'Taja' si 'jadili': Tuwape wanafunzi maswali yanayoeleweka

Jumapili iliyopita, mpwa wangu aliye katika Kidato cha Tatu aliniletea kazi ya ziada ya Fasihi. Swali lilikuwa: 'Elezea maudhui ya riwaya uliyosoma (alama 20)'. Chini yake alikuwa ameorodhesha maneno kumi: ufisadi, elimu, ndoa, uongozi mbaya na mengineyo.

"Mbona hujaeleza?" nikamuuliza.

"Mjomba, si ni kitu kimoja tu? Mwalimu husema tuandike pointi kumi, kila pointi alama mbili."

Ninachokosoa si uvivu wa mtoto bali kitenzi cha swali na matumizi yake. Kwanza, 'elezea' ni kauli ya kutendea, na aghalabu humhitaji mtendewa: 'nielezee', 'mwelezee mwenzako'. Swali la mtihani latosha kusema 'eleza'.

Hata hivyo, hilo ni kosa dogo. Kubwa zaidi ni kuvichukulia vitenzi vya maswali kana kwamba ni visawe. 'Taja' humtaka mwanafunzi atoe jina la kitu, basi. 'Eleza' humtaka aseme kitu hicho ni kipi na kinajitokeza vipi. 'Jadili' humtaka apime hoja, aitetee kwa matukio ya kitabuni na, inapobidi, aonyeshe upande wa pili.

Katika zoezi la awali, orodha kama hiyo ilimpa mpwa wangu alama 18 kwa 20. Mtihani wa mwisho wa muhula ulipouliza 'jadili', aliorodhesha vilevile akapata 6. Sasa anasema ati hawezi Fasihi. Ukweli ni kwamba alifanya alichozoeshwa kufanya.

Karatasi ya Tatu ya KCSE ina maswali manne ya kujibiwa, kila moja alama 20. Huko hakuna atakayemtuza mtahiniwa kwa maneno kumi yaliyopangwa wima.

Najua mwalimu mwenye mikondo minne hawezi kusahihisha kurasa mia mbili kila wiki. Basi na aulize swali fupi la alama tano, ila alitungie kitenzi kinachostahili na alisahihishe kwa mujibu wa kitenzi hicho. Hoja moja iliyojadiliwa ina faida kuliko kumi zilizotajwa.

Kundi la mpwa wangu ndilo la mwisho kufanya KCSE, mwaka 2027. Wanaolifuata wamo katika mtaala wa umilisi, unaozipa uzito tathmini za shuleni. Maadamu ni hivyo, swali bovu la darasani litazidi kuwaumiza.

Nilimwomba mpwa wangu achague neno moja katika orodha yake, anisimulie linavyojitokeza kitabuni. Alichagua 'ndoa', akazungumza dakika tano bila kufungua mwongozo.

"Hayo uliyosema," nikamwambia, "ndiyo uandike."