Vidole vya Paka

Katuni za Tom na Jerry sikuwahi kuzipenda. Nilizifahamu baada ya vituo vya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994, na wanangu walipozicheka mimi nilinung'unika kwamba ni kupigana tu, mwanzo hadi mwisho. Kinyongo changu kilikuwa na sababu nyingine pia. Katika nyingi za zamani yumo mtumishi mwanamke mweusi ambaye uso wake karibu hauonyeshwi kabisa. Tunapewa miguu yake na sauti yake ya kufoka. Na iko moja ya mwaka 1951 ambamo Jerry anajipaka weusi ili ajifanye mla watu. Mtu wa rangi yangu akicheka hapo, sijui anamcheka nani.

Basi nilipokwenda Matambarale kumjulia hali mjomba, nikakuta kijana wa jirani ameunganisha deki na televisheni kwenye betri ya sola, watoto wamejaa kibandani. Niliingia kwa sababu mjomba alitaka kuingia, na mjomba hakataliwi.

Iliyokuwa ikionyeshwa ni ile ya mwaka 1947, “The Cat Concerto”, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera. Tom amevaa koti la mikia, anaketi mbele ya piano kwenye jukwaa la watu wakubwa, anaanza kupiga Rapsodi ya Pili ya Hungaria ya Franz Liszt. Jerry amelala ndani ya piano. Nyundo za piano zinamtupa kitandani, na vita inaanza. Ni dakika saba hivi, na hakuna anayesema neno. Hata wale mafundi wetu wa kutafsiri sinema vibandani wangekosa la kufanya.

Watoto walimshangilia panya. Mjomba hakucheka. Alisogeza kigoda mbele.

“Mtazame vidole, mpwa wangu. Huyu hajaacha kupiga.”

Nikatazama. Kweli. Jerry anavizia kidole kwa mkasi. Kidole kinapona na muziki unaendelea. Mtego wa panya unawekwa mahali pa vibonye, vidole vinaukwepa, hatimaye kimoja kinanaswa, naye anaendelea. Akipanda juu kumkamata panya, miguu inashika kazi ya mikono. Panya akirukaruka juu ya nyundo, wimbo unageuka kuwa wa kuchezea dansi, na paka anaufuata kwanza kabla ya kurudi kwenye wake. Kila kichekesho kimewekwa ndani ya mapigo, na wachoraji wamejitahidi kidole kigonge pale sauti inapotoka. Mimi niliyeona ngumi tu miaka yote sikuwa nimeona kitu.

“Kosa lake nini?” mjomba akauliza.

Nikamjibu kwamba amemwamsha mwenzake, tena ndiye aliyeanza kumfyatua.

“Aliyelala ndani ya ngoma ya mtu asilalamike ikilia.”

Nilimtetea panya kidogo. Tumekua na hadithi za Sungura, mdogo anayemshinda mkubwa kwa akili, na Jerry ni wa ukoo huo. Lakini Sungura hushinda kwa kuwa yule mkubwa anataka kumla. Huyu paka, tofauti na siku zake nyingine zote, hawindi. Anataka kumaliza wimbo. Hapo ndipo filamu hii inapoachana na ndugu zake. (Sungura wa Kimarekani, Bugs Bunny, alikuwa na filamu yake ya mwaka 1946 kwa muziki huohuo, naye akasumbuliwa na panya, studio mbili zikashutumiana wizi. Sungura yule anajua kwamba anachekesha. Paka hajui, na ndiyo maana namchagua paka.)

Mwisho wake unaniudhi. Panya anarudia umalizio tena na tena, paka anaufuata mpaka anaanguka juu ya piano, suti imechakaa. Taa inamhamia Jerry, naye anainama kupokea makofi. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar. Naona imeharakisha mno kuhamisha taa. Ingemwachia Tom pumzi mbili tatu tumwone.

Mjomba alikuwa mpiga ngoma wa jandoni ujanani. Tukiwa bado tumekaa, akanisimulia usiku mmoja aliopiga hadi alfajiri kiganja kimepasuka, kisha akaja kijana aliyelala usingizi wake wote, akapokea ngoma kulipokuwa kunapambazuka, wenye sherehe wakamtuza yule. Alisimulia bila uchungu, akiugeuzageuza mkono wake mwangani mwa televisheni.

Watoto walitaka irudiwe. Mjomba akamwambia kijana wa deki, “Rudisha mwanzo kabisa, kabla panya hajaamka. Halafu uisimamishe hapo.”