Finke Alipoacha Kungoja

Kwa miaka mitatu, wapinzani wa Bobby Finke walijua atakachowafanyia. Mwogeleaji huyu Mmarekani angekaa nyuma ya vinara, apige mita baada ya mita kana kwamba hana haraka, halafu akigeuka kwenye ukuta wa mwisho afyatuke. Ndivyo alivyoshinda mtindo huru mita 800 na mita 1500 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Katika mita 800 alikuwa wa nne zikiwa zimebaki mita 50. Alizimaliza kwa sekunde 26.39 akachukua dhahabu. Siku chache baadaye, katika mita 1500, zile 50 za mwisho alizimaliza kwa sekunde 25.78, akawaacha Mykhailo Romanchuk wa Ukraine na Florian Wellbrock wa Ujerumani wakigombea fedha na shaba.

Ulikuwa ushindi mtamu kuutazama. Kwa jicho la ufundi, hata hivyo, mbio zile Finke aliachiwa na wenzake kwa kiasi kikubwa. Muda wake ulikuwa dakika 14 na sekunde 39.65, wakati rekodi ya dunia, ya Sun Yang wa China, ilikuwa dakika 14 na sekunde 31.02. Waliokuwa mbele walikuwa wakichungana, kasi ikawa ya wastani, na mtu mwenye mbio kali za mwisho akafikishwa mita 1450 akiwa bado na akiba tele. Mtu wa namna hiyo ukimbeba hadi pale, umeshampa medali.

Mbinu hiyo ilikwama kwenye ubingwa wa dunia, Fukuoka, Julai 2023. Safari hii kulikuwa na Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, ambaye hakumpa mtu nafasi ya kupumzika. Wawili hao waliwatoroka wengine kabisa, Sam Short wa Australia akaja wa tatu zaidi ya sekunde tano nyuma yao. Hafnaoui alishinda kwa dakika 14 na sekunde 31.54, Finke dakika 14 na sekunde 31.59. Tofauti ni sekunde 0.05. Kwa kasi ya watu wanaomalizia, hizo hazifiki sentimita 10, baada ya kuogelea kilomita moja na nusu. Na kwenye mita 800 ya Olimpiki ya Paris mwaka uliofuata, Finke alipitwa tena, kwa sekunde 0.56, na Daniel Wiffen wa Ireland. Kumalizia kwake bado kulikuwepo. Tatizo ni kwamba wenzake walikuwa hawakubali tena kumsubiri.

Kwenye riadha anayekaa nyuma ana faida ya wazi, maana aliye mbele anamkinga upepo. Bwawani hali ni nyingine. Kila mtu ana njia yake, na kamba zinazotenganisha njia zimeundwa makusudi kuvunja mawimbi. Ukijibana karibu na kamba, sambamba na nyonga za aliye njia ya pili, utapata nafuu kidogo, basi. Tena mwogeleaji huona wapinzani upande anaovutia pumzi tu. Anayengoja kwa hiyo analipa gharama karibu yote ya safari, huku akiwaachia wengine haki ya kupanga kasi.

Kisha kuna maji yenyewe. Ukinzani wake huongezeka haraka kuliko kasi: ukizidisha kasi mara mbili, ukinzani unakaribia mara nne. Ndiyo maana kwenda polepole kisha kufidia kwa mbio kali ni biashara yenye hasara. Nguvu unayomwaga kwenye mita 50 za mwisho inakununulia muda mdogo kuliko ambavyo ingekununulia kama ungeigawa kwenye mita zilizotangulia. Isitoshe, miguu ina misuli mikubwa na inakula oksijeni nyingi, ndiyo sababu waogeleaji wa masafa marefu wengi hupiga miguu mara mbili tu kwa kila mzunguko wa mikono, wakiiweka miguu akiba ya mwisho.

Agosti 4, 2024, jijini Paris, katika mita 1500, Finke aligeuza mbinu. Alichukua uongozi mapema kabisa na hakuuachia. Gregorio Paltrinieri wa Italia, mtu asiyeogopa kasi hata siku moja, alimfukuza mbio nzima bila kumfikia. Wiffen, bingwa mpya wa mita 800, alibaki kupigania shaba. Finke aligusa ukuta kwa dakika 14 na sekunde 30.67, rekodi mpya ya dunia. Paltrinieri alimaliza kwa 14:34.55, Wiffen kwa 14:39.63.

Mita 1500 ni kuvuka bwawa la mita 50 mara 30. Tuiondoe ile safari ya mwisho, tubaki na 29. Tokyo, Finke aliziogelea kwa wastani wa sekunde 29.44 kila moja. Paris, sekunde 29.12. Ni theluthi moja tu ya sekunde, kitu ambacho mtazamaji jukwaani hawezi kukiona kwa macho. Ukiirudia mara 29 inakuwa zaidi ya sekunde tisa.

Je, ile mbio ya mwisho ilikufa? Hapana. Paris alimaliza kwa sekunde 26.27, yaani alipoteza chini ya nusu sekunde ikilinganishwa na Tokyo. Alitoa nusu sekunde akapata tisa. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri yote ya mbio zile: kwa miaka mitatu Finke alikuwa akitunza akiba kubwa kuliko aliyohitaji.

Akiba hiyo, alipoitumia mapema, ndiyo iliyompa rekodi. Sun Yang, aliyeiweka London Agosti 4, 2012, miaka 12 kamili kabla, alikuwa amemalizia kwa sekunde 25.68. Hii ina maana Finke alipogeuka ukuta wa mwisho alikuwa mbele ya muda wa Mchina huyo kwa karibu sekunde nzima, kisha akapoteza zaidi ya nusu yake ndani ya mita 50. Zikabaki sekunde 0.35. Angezembea kidogo tu katikati ya mbio, rekodi ingebaki kwa Sun, ambaye baadaye alifungiwa zaidi ya miaka minne kwa makosa ya kanuni za dawa.

Na yote hayo kwenye bwawa lililolalamikiwa wiki nzima kwamba ni la kina kifupi na hivyo la polepole, mita 2 na ushee, wakati mabwawa mengi ya mashindano makubwa hufika mita 3.

Kocha wake ni Anthony Nesty, yule Msuriname aliyempiku Matt Biondi kwa sekunde 0.01 katika kipepeo mita 100, Seoul 1988. Mtu aliyeshinda Olimpiki kwa ncha ya kidole hahitaji kuelezwa thamani ya sekunde 0.05 za Fukuoka.

Hafnaoui hakuwepo Paris kwa sababu ya majeraha, kwa hiyo hatujui angejibu vipi. Dhahabu ya Finke ndiyo pekee ya mtu mmoja mmoja ambayo wanaume wa Marekani waliipata bwawani kwenye michezo ile.