Waveleti Juu ya Miti: Ngitili za Shinyanga Zipimwe Sasa!

Jamani, tazameni kitu hiki! Nimeipa PyWavelets, programu ya bure inayotumia Python, rekodi ya joto la hewa iliyopimwa juu ya vilele vya miti mara 10 kila sekunde. Mstari uliojaa makwaruzo ukageuka ramani ya rangi: muda unakwenda kulia, ukubwa wa misukosuko unapanda juu. Na humo, madoa mekundu! Kila doa ni mkupuo wa hewa, na wakati wake unauona.

Uchambuzi wa Fourier, njia iliyozoeleka, hukupa nguvu ya misukosuko ya kila ukubwa, lakini wakati wa kutokea huupotezea mbali. Waveleti ni wimbi fupi: linazaliwa, linatikisika, linakufa. Unalitelezesha juu ya rekodi, unalinyoosha, unalibana, na kila mahali unapima limefanana vipi na hewa. Jean Morlet, Mfaransa aliyechambua mitetemo ya ardhi katika utafutaji wa mafuta, aliiwekea msingi wa hesabu pamoja na Alex Grossmann mwaka 1984. Mwaka 1993 Collineau na Brunet wakaitumia kwenye msitu wa misonobari. Mchana, joto kati ya miti hupanda polepole, kisha huporomoka ghafla hewa ya juu inaposhuka na kufagia majani. Waveleti inaudaka mporomoko huo papo hapo! Na ni katika mikupuo hiyo msitu hubadilishana na anga sehemu kubwa ya mvuke na kaboni yake.

Sasa ipelekeni waveleti hii Shinyanga. Wasukuma hufunga ngitili, maeneo yao ya malisho yaliyotengwa, mvua zinapoanza, nyasi zibaki hadi kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioendeshwa 1986 hadi 2004, uliifufua desturi hiyo na kupata Tuzo ya Ikweta mwaka 2002. Miti imerudi, ila kwa mabaka: migunga hapa, shamba la pamba pale, mbele mbuga tupu. Upepo wa mahali kama hapo hautabiriki; anayevijua visulisuli vya kiangazi haambiwi. Ndiyo maana naiamini waveleti, kwa kuwa haidai upepo utulie ndipo ipime.

Na mkoa wa Geita nao unaihitaji waveleti! Wachimbaji wadogo wanachoma zebaki ili wabaki na dhahabu, mvuke unapanda, majani ya miti yanaunyonya. Kujua ni wakati gani hewa inaushusha mvuke huo kwenye miti na nyumba za watu, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Tahadhari mbili. Kingo za rekodi, mwanzo na mwisho, usiziamini. Pia chagua wimbi kwa makini: la Morlet husoma ukubwa vizuri, la Kofia ya Meksiko husoma wakati.

Programu ni bure na kompyuta ya kawaida inaiendesha. Gharama iko kwenye mnara na anemomita ya mawimbi ya sauti, kifaa cha kupima upepo. TAFORI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu), SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Mamlaka ya Hali ya Hewa: simamisheni mnara mmoja ndani ya ngitili kabla ya kiangazi kijacho.